Waraka ni Nusu ya Kuonana: Wapenzi wa Dansi na Safari Zao

Historia ya muziki wa dansi nchini mwetu imekwisha andikwa na watu kadha wa kadha, na aghalabu imeandikwa kama historia ya wapigaji. Huelezwa bendi fulani iliundwa lini, nani alikuwa kiongozi wake, nani alihama, na nani aliletwa kushika nafasi yake. Mambo hayo ni ya haki na yanastahili kuhifadhiwa. Lakini katika ukumbi wa dansi palikuwapo siku zote watu wa aina mbili: waliokuwa jukwaani na waliolipa kiingilio. Hawa wa pili mara nyingine walitoka mbali, kwa treni, kwa basi au juu ya shehena ya lori, wawili wawili au kwa makundi, kwa sababu moja tu, nayo ni kuisikia bendi waipendayo ikipiga mbele ya macho yao. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza watu hao, asili ya desturi yao, sababu ya safari zao, na hasara itakayotupata iwapo tutawaacha waondoke na habari zao vifuani.

Kumfuata mpigaji mahali alipo si desturi iliyoletwa na magitaa. Ni desturi ya ngoma. Katika nchi ya Wasukuma, mathalani, wachezaji tangu zamani wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo husimuliwa kuwa chanzo chake ni waganga wawili walioshindana kwa ustadi wa dawa na wa kuvuta watu. Baada ya mavuno, wakati ghala zimejaa na kazi za shamba zimepungua, vyama hivyo hukutana na kucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Mshindi ni yule ambaye watazamaji wameuacha upande wa pili na kumkimbilia. Basi hapo msomaji aone jambo lenye maana kubwa: mwamuzi wa ngoma ni miguu ya watazamaji. Asiyefika uwanjani hana kura.

Pwani nako palikuwa na beni. Ngoma hii, iliyoiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, sare na vyeo, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikateremka hadi Tanga na Dar es Salaam, kisha ikaingia bara. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliichukua wakaipeleka kila walikopita, na kule kandokando ya Ziwa Nyasa ikazaa mganda, ambao hata leo twauhesabu kuwa ngoma ya jadi. Katika Tanganyika beni ilikuwa na pande mbili zilizojulikana sana, Marini na Arinoti, na kila upande ulikuwa na matawi katika miji mingi. Mwanachama aliyesafiri kutoka mji mmoja kwenda mji mwingine hakuwa mgeni. Alipokewa na wenzake wa upande wake, akalishwa, akalazwa, na akifa ugenini walimzika. Kwa hiyo muziki ulikuwa umekwisha wafundisha watu wetu kusafiri na kujuana kabla hapajapatikana bendi hata moja iliyoitwa jazi.

Bendi hizo za jazi zilianza kuchipua katika miaka ya 1930. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Neno jazi lisimdanganye mwanafunzi akadhani kuwa walipiga muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilikuwa jina la fahari tu, lenye maana ya bendi ya vyombo vya kisasa. Muziki wenyewe ulichota sana katika santuri za Kuba zilizoingia Afrika tangu miaka ile ya 1930, ukachanganywa na mapigo ya ngoma za kwetu na lugha ya Kiswahili, mpaka ukawa kitu ambacho Mkuba asingeweza kukidai.

Tuutazame mji wa Morogoro, kwa kuwa ndio unaoonyesha vizuri zaidi jambo tunalolisema. Mji huu uko yapata kilomita 200 magharibi mwa Dar es Salaam, na reli iliufikia mwaka 1907. Haukuwa mji mkubwa, wala haukuwa na kituo cha redio. Lakini ulikuwa na bendi mbili zilizotajwa kote Afrika Mashariki. Ya kwanza ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na ya pili Morogoro Jazz, ambayo Mbaraka Mwinshehe alijiunga nayo mwaka 1965. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha kawaida ya dunia. Kwa kawaida mtu wa mkoani ndiye aendaye mji mkuu kutafuta starehe. Hapa mtu wa mji mkuu alipanda treni mwisho wa juma, akaelekea mkoani chini ya milima ya Uluguru, akacheza usiku, na akarudi kazini Jumatatu. Mapenzi ya muziki yaliugeuza mji mdogo kuwa mji wa kuendewa.

Wala Morogoro haikuwa peke yake. Tanga walikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, Tabora walikuwa na Tabora Jazz, na Dar es Salaam, pamoja na bendi zake za asili, ilikuwa na Kilwa Jazz iliyoundwa na Ahmed Kipande mwaka 1958, na Western Jazz ya Iddi Nhende iliyoundwa mwaka 1959. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina lake, kama kabila lilivyo na ngoma yake. Western Jazz walikuwa na saboso, Morogoro Jazz sululu, Atomic Jazz kiweka, Tabora Jazz segere matata. Mpenzi aliyesema, "Sisi ni watu wa saboso," alikuwa akijitaja ukoo wake. Na majina hayo yalikuwa ahadi: kwamba ukienda kwa watu hawa, utachezeshwa kwa namna ambayo hutaipata kwa wengine.

Hapa huzuka swali ambalo wanafunzi wa leo hutuuliza mara kwa mara. Ikiwa redio ilikuwapo, na santuri zilikuwapo, ni lipi lililomfanya mtu atoke kwake, alipe nauli, alipe kiingilio, akeshe, na arudi na usingizi machoni? Kwa nini asikae barazani akafungulia redio?

Jibu lake limo katika wimbo wenyewe wa dansi ulivyojengwa. Wimbo huo una sehemu mbili. Ya kwanza huenda polepole. Hapo mwimbaji hueleza kisa chake, iwe ni mapenzi, msiba, deni au maonyo, na maneno ndiyo yatawalayo. Ya pili wanamuziki wenyewe huiita chemko. Pigo huongezwa kasi, gitaa la solo hutoka mbele, la ridhimu hulijibu, besi na tumba hushikana, tarumbeta na saksafoni hupokezana, na waimbaji hurudia kipande kifupi cha maneno au hutaja majina ya watu waliomo ukumbini. Sehemu hii haikuwa na kipimo. Kama wachezaji wamekolea, kiongozi hakuthubutu kuikata. Kama sakafu ni baridi, aliimaliza upesi akaanza wimbo mwingine. Urefu wa chemko ulikatwa na miguu ya wachezaji.

Sasa santuri ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika 3 au 4 tu kila upande. Wimbo uligawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, na chemko lilipoanza tu kupata moto, sindano ilifika mwisho. Wale waliorekodi katika studio ya Radio Tanzania walikuwa na nafasi zaidi kidogo, lakini nao walipiga katika chumba kisichokuwa na mchezaji hata mmoja, mbele ya fundi mitambo na saa ya ukutani. Kwa hiyo wimbo uliomfikia msikilizaji barazani ulikuwa wimbo wa kweli, lakini haukuwa mzima. Wahenga wetu walisema kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Santuri ilikuwa waraka. Ilileta salamu, ikaleta sauti na habari, ikamtia mtu hamu. Nusu iliyobaki ilimpasa mtu aifuate mwenyewe.

Jambo la pili linalopaswa kuelezwa ni kuwa safari hizi kwa kawaida watu hawakwenda peke yao. Mtu alikwenda na sahibu yake. Sababu moja ilikuwa ya mfuko: wawili walichangia chumba cha kulala, na mmoja akipungukiwa mwenziwe alimkamilishia. Sababu nyingine ilikuwa ya usalama wa njiani na wa usiku. Lakini ipo sababu ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa. Dansi ni kitu kipitacho. Chemko la usiku wa leo halitarudiwa kesho vile vile, kwa kuwa hata mpiga solo mwenyewe hawezi kulirudia. Asubuhi inapofika, kitu chote kilichobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu mmoja haina shahidi. Mwenye sahibu ana shahidi. Wakiwa njiani kurudi watabishana: solo ilianza kabla ya tarumbeta ama baada yake, jina la nani lilitajwa, mwimbaji yupi alikosea akapona. Katika ubishi huo usiku ule ulipata kuandikwa, ingawa haukuandikwa kwa wino.

Sisi wenyewe tulilijua jambo hili mwaka 1991, baada ya masomo ya sekondari, tulipotoka Morogoro pamoja na sahibu yetu kwenda Dar es Salaam kuisikiliza Mlimani Park. Basi letu liliharibika karibu na Chalinze, tukangoja juani mpaka alasiri, na tulifika mjini taa zimekwisha washwa. Tulipoingia ukumbini tulikuta wanapiga wimbo ambao tuliujua neno kwa neno kutoka redioni. Kisa kilipokwisha, tukangoja pale ambapo redioni wimbo huanza kufifia. Haukufifia. Magitaa yalipandana, tarumbeta zikasimama, sakafu ikajaa, na mzee mmoja wa makamo alipenya katikati ya wachezaji akambandika mpiga solo noti kwenye paji la uso, naye mpigaji, bila kufumbua macho, akaongeza kitu ambacho hatujapata kukisikia tena katika kanda yoyote. Kadiri tukumbukavyo, wimbo ule uliotimiza dakika chache redioni ulikaribia robo saa. Alfajiri, tukiwa kituoni tunangoja basi la kurudi, sahibu yetu aliinamisha kichwa akaanza kuiimba solo ile kwa mdomo, polepole, akikosea na kurudia. Tulimwuliza afanya nini. Akajibu, "Naishika, ndugu yangu, isije ikatutoka kabla ya Morogoro." Hapo ndipo tulipoelewa kuwa mpenzi wa dansi ana kazi.

Kazi hiyo haikuwa ya kukumbuka tu. Noti ile ya yule mzee ina jina katika lugha yetu: ni kutunza. Mtunzaji alikuwa akimlipa mpigaji, akimwamrisha aendelee, na akiwaonyesha watu wote kuwa kilichopigwa kimemfikia. Mpenzi aliyefika ukumbini aliingia katika wimbo na kuubadili. Kwa hiyo tunaposema kuwa muziki wa dansi ulitungwa na wanamuziki, twasema kweli pungufu. Maneno na sauti vilitungwa na wao. Usiku ulitungwa na wote.

Serikali nayo ina sehemu yake katika historia hii. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akasikitika kuwa wengi wetu tulikuwa hodari wa kucheza dansi za kigeni huku ngoma zetu hatuzijui. Kwa maneno hayo mtu angaliweza kudhani kuwa dansi litapigwa vita. Mambo yalikwenda njia nyingine. Vyama na mashirika ya umma yaliunda bendi zao. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na zao, na mwaka 1971 ikaundwa Vijana Jazz chini ya umoja wa vijana wa chama. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park.

Mpango huu ulibadili safari tunazozizungumzia. Mwanamuziki sasa alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya shirika. Bendi iliweza kupewa gari ikazunguka mikoani, ikapiga katika mji ambao usingeweza kuikodi. Mpenzi wa Songea au Musoma, ambaye nauli ya Dar es Salaam ilimshinda, aliona siku moja bendi imemjia mlangoni. Bendi nyingine zilivuka mipaka na kuliwakilisha taifa. Morogoro Jazz ilikwenda Osaka nchini Japani katika maonyesho makubwa ya mwaka 1970, na Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikwenda Lagos mwaka 1977 katika tamasha la sanaa za watu weusi. Na lile sikitiko la Mwalimu juu ya ngoma lilipata jibu kutoka mahali ambapo hapakutazamiwa. Bendi mbili kubwa zaidi za Dar es Salaam zilijipa majina ya ngoma za jadi: NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA na baadaye OTTU, ikashika Msondo, na Mlimani Park ikashika Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Wapenzi wakagawanyika mara mbili, watu wa Msondo na watu wa Sikinde, kama vile babu zao walivyogawanyika Marini na Arinoti, na kama Wasukuma walivyogawanyika Bagika na Bagalu. Marafiki wa damu waliacha kwenda ukumbi mmoja. Desturi ya zamani ilikuwa imerudi, imevaa suruali.

Lakini barabara ilidai ushuru wake, na ushuru huo usifichwe. Salum Abdallah alikufa katika ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, naye alikufa katika ajali ya gari mjini Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Mji mmoja ulitoa mabingwa wawili, na wote wawili barabara iliwachukua. Kisha zikaja shida za uchumi baada ya vita vya Kagera. Mafuta yaliadimika, nyuzi za magitaa na vipuri vya vipaza sauti havikupatikana madukani, na katika miaka hiyo ya shida magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea siku ya Jumapili baada ya saa 8 mchana. Hata hivyo kumbi zilijaa. Waliokosa gari walikwenda kwa miguu, na waliokosa usafiri wa kurudi walicheza mpaka alfajiri ili wasiwe na haja nao.

Si vibaya kutazama kidogo mbali, tupate kujipima. Huko Marekani, katika jimbo la California, palizuka mwaka 1965 bendi iliyojiita Grateful Dead, iliyodumu mpaka mwaka 1995, alipofariki mpiga gitaa wake Jerry Garcia. Nayo ilikuwa bendi ya chemko. Wimbo mmoja uliweza kuchukua nusu saa, na usiku mmoja haukufanana na mwingine. Wapenzi wake waliifuata mji kwa mji, wakiacha kazi na makwao, na walikuwa na marafiki katika kila mji, mfano wa wanachama wa beni. Bendi hiyo ilipiga zaidi ya mara 2,300 mbele ya watu. Lakini lipo jambo moja ambalo walilifanya na sisi hatukulifanya. Waliwaruhusu wapenzi wao kuja na vinasa sauti, na mwaka 1984 wakawatengea mahali pao maalumu katika kumbi. Wapenzi walibadilishana kanda hizo bila ya kuuziana. Onyesho lao la tarehe 8 Mei 1977, lililofanyika katika chuo kikuu cha Cornell, limeingizwa katika orodha ya taifa ya sauti za kuhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na hati na kumbukumbu za bendi zilipewa Chuo Kikuu cha California, tawi la Santa Cruz, mwaka 2008. Leo mwanafunzi aliyezaliwa baada ya bendi kufa aweza kusikiliza usiku mmoja mmoja wa miaka ile na kujua lipi lilipigwa kabla ya lipi.

Hatusemi haya ili tuwatukuze wengine. Wapenzi wetu hawakuwa na mapenzi haba. Walikuwa na vinasa sauti haba, na betri zilikuwa ghali. Studio ya Radio Tanzania ilifanya kazi ya heshima kubwa. Bila ya kanda zake, ambazo leo ziko katika mikono ya Shirika la Utangazaji Tanzania, tungekuwa hatuna hata ule waraka. Lakini kanda zile zimehifadhi studio, hazikuhifadhi ukumbi. Zimehifadhi kisa cha wimbo, na chemko zimelihifadhi kwa ufupi. Mwanafunzi akizisikiliza leo aweza kudhani kuwa huo ndio uliokuwa muziki wetu wote, mpole, mfupi, wenye mawaidha. Hatajua kuwa baada ya mawaidha palikuwa na moto.

Nusu ile ya pili imehifadhiwa mahali pamoja tu, nako ni katika vichwa vya watu waliokuwapo. Na watu hao wanapungua. Muhidini Gurumo, aliyeimba katika Msondo na katika Sikinde, alifariki mwaka 2014. Mwaka huo huo akafariki Shem Karenga wa Tabora Jazz. Magazeti yaliwaandika, nao walistahili. Lakini hakuna gazeti liandikalo habari za yule fundi cherehani wa Dodoma, yule karani wa reli, au yule mama muuza samaki wa Tanga, waliohudhuria usiku mia mbili wa dansi na kukumbuka kila solo. Wakiondoka, huondoka na ukumbi mzima.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa shule za sekondari walichukue jambo hili kuwa kazi ya darasa. Kila mwanafunzi ana babu, bibi, mjomba au jirani aliyepata kucheza dansi. Na aende kwake kwa adabu, na daftari, na siku hizi hata kwa simu yake ya mkononi inasayo sauti, amwulize: Mlikuwa watu wa bendi gani, na kwa nini? Mlisafiri na nani? Nauli ilikuwa shilingi ngapi, na mliipataje? Mlilala wapi? Chemko la wimbo fulani lilikwendaje, na waweza kutuimbia kwa mdomo? Majibu yatatofautiana, na mara nyingine yatapingana. Hilo lisiwatie hofu. Mambo ambayo mashahidi wawili wanabishana ni mambo yaliyotokea. Vitabu vya historia vya nchi yetu vimejaa tarehe za viongozi, na ni haki. Lakini taifa haliwi taifa kwa viongozi tu. Linakuwa taifa pia pale ambapo Mzaramo, Mnyamwezi na Mluguru wamekutana sakafuni saa 8 za usiku, hawajuani kwa majina, wote wakilipinga gitaa moja lisinyamaze.

Wazee walituachia methali isemayo kuwa mcheza kwao hutunzwa. Kwa kawaida twaifahamu kwa maana ya tuzo: achezaye nyumbani hupewa zawadi na jamaa zake. Lakini lugha yetu imeweka katika neno hilo moja maana mbili, kwani kutunza ni kumpa mtu tuzo, na kutunza ni kukiweka kitu kisipotee. Wapenzi wa dansi waliitimiza maana ya kwanza kwa noti zao, kwa nauli zao na kwa usingizi wao. Maana ya pili wametuachia sisi.